Luke si "bubu", ni kiziwi

Nashukuru kwa makala kuhusu Luke Adams na mama yake Margie, waliokimbia The Amazing Race ya Marekani, mashindano ya televisheni ya kuzunguka dunia, mwaka 2009. Lakini mwandishi, naomba urekebishe neno "bubu". Luke ni kiziwi, na ana lugha kamili, ya alama. Mimi nina mtoto kiziwi, na neno hilo huniumiza kila ninapolisikia, hata kwa jirani anayenitakia mema.

Pia mmempita mama haraka mno. Margie alikuwa mshindani na papo hapo mkalimani wa mwanawe. Wenzao wakifika kituoni walipumzisha vichwa, yeye bado alipaswa kusikiliza mtangazaji na kumpa Luke kila neno kwa mikono. Kule Jaipur, India, joto lilimzidi akaanguka. Anayetafsiri siku nzima anaujua uchovu huo. Mimi naupata kwenye foleni ya zahanati tu, nusu saa, na narudi nyumbani hoi.

Na ile fainali ya Hawaii! Luke alifika mbele kwenye mbao za kuteleza mawimbini, zenye picha za mambo waliyopitia safarini, akakwama kuzipanga kwa mfuatano, wakampita, wakamaliza wa tatu. Nililia naye. Tatizo pale lilikuwa kukumbuka mpangilio wa safari yote, jambo linalomtoa jasho yeyote mwenye masikio mazima. Basi msiandike kwamba "uziwi ulimwangusha". Walirudi tena mashindanoni 2011, kisha 2014. Mwanangu nimemwonyesha picha zao, akaniuliza kwa alama: mama, sisi tutaenda lini?