Kabla ya kuibomoa Kaloleni, ukumbi je?

Kila ikitangazwa mipango ya kujenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ubishi huwa ni ule ule: ghorofa ngapi, nani atapata nyumba, na mpangaji aliyezeekea hapo atahamishiwa wapi. Maswali ya haki kabisa. Ila kwa Kaloleni kuna jingine ambalo silisikii likiulizwa: ukumbi na uwanja vitabaki?

Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, na kati ya waliotumika kuujenga walikuwemo wafungwa wa vita Waitaliano. Mwafrika wa Nairobi wakati huo alihesabiwa kibarua wa kupewa kitanda tu, kazi ikiisha arudi kwao mashambani. Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kumfikiria mtu na mkewe na watoto: nyumba za mawe zisizo na ghorofa, paa za vigae vyekundu, na katikati eneo la wazi la wote. Leo ubavuni mwa nyumba hizo kumesongamana vyumba vya mabati. Simlaumu mpangaji. Watoto wamekua, angewalaza wapi?

Sasa ukumbi. Mnamo tarehe 23 Aprili 1950, KAU (Kenya African Union, chama cha siasa cha Waafrika) na Kongresi ya Wahindi ya Afrika Mashariki walifanya mkutano wa pamoja humo. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, akasimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1950! Katikati ya Mei yeye na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, walikamatwa, wafanyakazi wakagoma, na Singh hakuachiliwa hadi 1961. Mwanafunzi wetu hukaririshwa mikutano ya uhuru wa Kenya iliyofanyika Lancaster House kule London. Kaloleni, ambako angefika kwa matatu ya Jogoo Road, haambiwi kitu.

Ghorofa zijengwe, sipingi. Watu wanahitaji nyumba. Ninachohofia ni kwamba mbele ya wakubwa wa jiji hili, uwanja wa umma ni ploti isiyo na mwenyewe. Kwa hivyo ukumbi na uwanja vichorwe kwanza, ghorofa zitafutiwe nafasi baadaye. Na kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, wakazi wasiridhike na zile picha za kung'aa zenye miti na magari. Waombe ramani. Ukumbi usipoonekana humo, wasitie sahihi.