Kukanusha si kusuta

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Tandahimba aliandika insha ya Kiingereza kuhusu msimu wa korosho. Mnunuzi alidai korosho za ghalani zina maji mengi, mwenyekiti wa chama cha msingi akasema si kweli. Kwa hilo "akasema si kweli" kijana akatumia kitenzi "refute". Nikakipiga mstari mwekundu. Mwalimu mwenzangu alipouona akacheka: "Mbona watangazaji wa Kiingereza wanakitumia hivyohivyo kila siku?"

Kweli wanakitumia. Waziri akituhumiwa asubuhi, jioni taarifa inakuja na kitenzi hicho, wakati alichofanya ni kutikisa kichwa mbele ya vipaza sauti. Kamusi kadhaa za leo zinaorodhesha maana zote mbili: kuonyesha kwa ushahidi kwamba hoja ni ya uongo, na kukataa tu kwamba ni ya kweli. Hii ya pili huambatana na onyo kwamba wapo wanaoihesabu kosa. Mwenzangu akaongeza kwamba hata Kilatini hakiniungi mkono, maana "refutare" ilikuwa na maana ya kusukuma nyuma. Anayesukuma hana lazima ya kuthibitisha kitu.

Hapo alinibana. Nikakimbilia Kiswahili.

Mwambie mtoto akanushe sentensi "Korosho zimekauka". Atajibu, "Korosho hazijakauka." Amebadilisha viambishi tu, kazi imekwisha, na huenda korosho yenyewe hajaiona. Kukanusha ni rahisi kiasi hicho. Kusuta ni kazi nyingine. Anayekwenda kusuta haendi mikono mitupu: anafuatana na shahidi mpaka uani kwa msemaji, na maneno yanarudiwa pale mbele ya aliyeyatamka na aliyeyasikia, mpaka mmoja akose pa kuutia uso. Bibi zetu wa Mikindani hawakuhitaji kamusi kuzitenganisha kazi hizi mbili. Kasoro ya neno hili, nakiri, ni kwamba anayesutwa ni mtu, na "refute" inalenga hoja. Kwa hoja ningesema kubomoa. Kuna na "rebut", ambayo ni kuijibu hoja kwa hoja, kama wanavyofanya vijana kwenye mdahalo, ushinde usishinde.

Mwenzangu alibakiza kombora moja. Mwaka 1763 Samuel Johnson, mtunga kamusi mwenyewe, aliambiwa kuhusu fundisho la mwanafalsafa Berkeley kwamba vitu tunavyoviona havipo nje ya akili. Akalipiga teke jiwe kubwa na kusema hivyo ndivyo anavyolibomoa fundisho hilo, kwa kitenzi kilekile. Wanafalsafa wengi wanasema hakubomoa kitu, kwa sababu Berkeley hakukana kwamba mguu ungeuma. Ikiwa Johnson alikosea, mtoto wa Tandahimba ana kosa gani? Lakini mimi naona mfano huo ni wangu. Johnson angalau alitafuta jiwe.

Darasani sikubadilisha mstari wangu, na kwenye habari ndiyo kabisa. Msomaji anayekijua kitenzi hiki kwa maana yake ya kwanza akikuta kimetumika kwa waziri, anaondoka akiamini tuhuma imekufa. Mwandishi amekata kesi bila kukusudia. Kitenzi "deny", yaani kukanusha tu, kipo, hakina gharama, na hakimpendelei mtu.

Nikamwita kijana. Je, mwenyekiti alichota sampuli kwenye magunia? Alileta kipimo cha unyevu? Alizipasua kwa kisu, watu wakaona viini?

"Hapana, mwalimu. Alikasirika tu."

Basi, nikamwambia, andika alikanusha. Akaandika, kisha akanyanyua kichwa: "Na mnunuzi je? Yeye alipasua?"

Naye hakupasua. Nilirudi kwenye sentensi yake ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeipita bila kalamu: hapo kijana alikuwa ameandika kwamba mnunuzi alithibitisha.