Peawanuck haikuanzia pale

Ndugu mwandishi, umetueleza habari za kijiji cha Peawanuck, kule kaskazini mwa jimbo la Ontario, Kanada, ukaishia kwenye baridi na bei ya vyakula vinavyoletwa kwa ndege. Mbona hukusema kwa nini kijiji kiko pale? Wakazi wake, Wakrii, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Kanada, zamani walikuwa kijiji cha Winisk, karibu na mahali Mto Winisk unapomwaga maji Ghuba ya Hudson. Tarehe 16 Mei 1986 barafu ya mto ilikatika, mapande yakaziba njia, maji yakapanda ghafla na kuzoa nyumba. Watu 2 walifariki. Waliobaki wakajenga upya kama kilomita 30 juu ya mto, mahali palipoinuka. Halafu unauliza eti kwa nini wasihamie mjini? Mjini watawinda wapi bata bukini?