Kiu Kando ya Bahari

Kwetu Kisauni, hapa Mombasa, kuna maji ya aina mbili. Yapo ya kisima, ya chumvi, ya kuogea na kufulia huku sabuni ikigoma kutoa povu. Na yapo maji matamu: ya mfereji siku yanapotoka, ya mkokoteni siku yasipotoka, mtungi wa lita 20 kwa bei atakayo mwenye mkokoteni. Chemchemi za Mzima ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Bomba lake linauletea mji wa Mombasa maji tangu miaka ya 1950; mji umefura, bomba ni lile lile.

Ndiyo maana kisa cha mwanamke Msamaria, Yohana sura ya 4, mimi nakisoma kama habari za mtaani. Saa sita, jua la utosi, anakuja kisimani peke yake. Yesu anamwambia yako maji ambayo akiyanywa hataona kiu tena. Jibu lake ni la mtu wa Kisauni kabisa: nipe hayo, nisije tena huku kuteka. Huwa nacheka hapo. Alidhani anapunguziwa safari.

Nami nilidhani hivyo hivyo. Nilipookoka nilikuwa karani wa klaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, mshahara si haba, moyo mkavu. Nikawa mtu wa mikutano. Mkesha Likoni, mkutano wa injili Changamwe, mhubiri mgeni akija na mafuta ya upako mimi niko mstari wa mbele. Usiku narudi na tuktuk nimejaa hadi pomoni, Jumanne nimekauka. Siwalaumu wahubiri peke yao. Tulikwenda pale kutafuta gari, ploti ya Mtwapa na viza, tukaita hiyo kiu ya Mungu. Yalikuwa maji ya chumvi, ila yametiwa kwenye kikombe cha kanisa.

Nikipita Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, huwa namkumbuka Rosine Krapf. Kaburi lake liko upande huu huu wa Nyali. Alifika Mombasa na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, mwaka 1844. Miezi michache tu, yeye na kichanga chake wakawa wamezikwa. Mume akabaki. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuja 1846 akakaa miaka 29, akaondoka karibu kipofu, na waumini wake ni wa kuhesabu. Wamisionari wana lawama zao, sitaki kuwapamba. Ila kwa vipimo vya mikutano yangu, hawa ni watu ambao Mungu aliwapita. Sasa kilichowaweka Rabai, kwenye misheni yao, ni nini?

Kwangu jibu lilikuja taratibu, tena bila kipaza sauti. Jumatano jioni, ushirika wa nyumba kwa nyumba, watu sita au saba, chai na mahamri. Mmoja anasoma Neno, mwingine analia na karo ya watoto, tunaomba, tunaagana. Miezi ikapita kabla sijang'amua kwamba sitafuti tena mkutano. Kisha kazi ikaisha. Nikaingoja ile kiu ya zamani. Hofu ilikuja, na madeni yakaja, lakini kiu haikuja.

Juzi barazani jirani yangu, mzee Mwislamu tunayekunywa naye kahawa chungu, aliniuliza, "Mwanangu, huna kazi na umetulia hivi, umeficha nini?"

Nikamsimulia ya yule mwanamke, tangu jua la saa sita mpaka alipokwenda kuwaita watu wa mji. Alisikiliza kikombe kikipoa mkononi.

"Na mtungi wake je?"

"Aliuacha pale pale kisimani, mzee."