Kila tuta liwe na mwenyewe

Siku ya uzinduzi wa bustani yetu ya mboga ya mtaa tulikuwa watu 26. Nakumbuka kwa sababu daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi. Wiki ya tatu, jua la Januari la Dar es Salaam likiwa la utosi, tulibaki wanne: mimi, mama mmoja muuza vitumbua, na vijana wawili wa bodaboda ambao, tusidanganyane, walikuwa wanafuata kivuli cha mwembe kuliko mchicha.

Bustani yenyewe ni kipande cha eneo la wazi nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, zamani palikuwa jalala. Tuliomba, tukaruhusiwa kwa maandishi, tukazoa taka kwa guta siku mbili, tukainua matuta 12. Kila kitu kikawa cha wote. Matuta ya wote, keni za wote, mboga za wote. Hapo ndipo tulipokosea, na bado nakutana na vikundi vinavyorudia kosa hilohilo huku vikijisifia umoja.

Mchicha hauna subira. Mbegu zake ndogo mno. Ukizimwaga hivihivi zinaota zimebanana kama abiria wa daladala ya jioni, kwa hiyo unazichanganya kwanza na mchanga mkavu ndipo unazinyunyiza. Zikishaota, ni maji asubuhi na jioni, na ndani ya wiki tatu au nne unavuna. Lakini uache siku mbili tatu tu kwenye joto lile, unadumaa, unatoa maua mapema, majani yanakuwa magumu. Tuta letu moja lilikuwa linakunywa keni nne kila zamu. Piga hesabu ya matuta 12 kwa watu wanne, na maji ya bomba yanakuja kwa mgao.

Wale 22 hawakuwa wavivu. Kila mmoja alijua kuna wenzake 25, basi hawezi kukosekana mtu. Nami kuna asubuhi nilibaki kitandani kwa hesabu hiyohiyo.

Siku ya kuvuna wakarudi wote, na mifuko. Tuligawa mafungu sawa kwa sawa, maana ndivyo katiba ya kikundi ilivyosema. Mama wa vitumbua alipokea fungu lake, akaitazama ile foleni, akasema, "Kumbe hatujapungua." Akaenda zake. Keshoyake hakuja kumwagilia, na sikuwa na mdomo wa kumwita.

Walioishi vijiji vya ujamaa hawatashangaa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vijiji vingi vilikuwa na shamba la kijiji, na kaya nayo ilikuwa na kishamba chake. Muulize mzee yeyote aliyekuwepo magugu yalikuwa wapi. Simkejeli Mwalimu; kusaidiana kwetu ni kwa zamani kuliko siasa yoyote. Ila hata kwenye msaragambo watu hukutana siku moja, wakachimba mtaro, wakatawanyika. Mtaro ukishachimbwa haudai maji kila jioni.

Kwa hiyo tuliitisha kikao na kuvunja ule utaratibu. Sasa kila kaya ina tuta lake na inavuna chake. Cha wote ni tangi, uzio na shimo la mboji. Ukiacha tuta siku saba bila maji na bila taarifa, anapewa mwingine. Wapo walionuna. Mmoja aliniambia tumeua moyo wa kujitolea, tumegeuza bustani kuwa soko. Mimi naona kinyume. Kujitolea kwetu kuko kwenye uzio na tangi, na sasa siku ya kuziba ukuti uliong'oka watu wanatokea, kwa sababu mbuzi akiingia anakula cha mtu mwenye jina.

Wala si uroho wa Waswahili wa siku hizi. Uingereza wana viwanja vya kulima mjini vya halmashauri: kila mpangaji na kipande chake, geti na bomba vya pamoja. New York, ambako serikali ya jiji ina mpango wa bustani za mitaa tangu 1978, wanabustani hufunga geti na kushika funguo, kwa sharti kwamba milango iwe wazi kwa umma saa kadhaa kila wiki. Mtu wa jirani anaingia, anakaa kivulini, lakini nyanya anajua ni ya nani.

Na asiye na ardhi kabisa? Gunia. Kibera, Nairobi, magunia ya mboga yalienea sana baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, chakula kilipokuwa shida. Unachukua kopo kubwa lisilo na kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika juu unalivuta kopo, unajaza tena, mpaka gunia lisimame na mgongo wa mawe ndani. Maji yanapita humo hadi chini. Ubavuni unatoboa, unapachika sukuma wiki. Gunia linakaa mlangoni kwa mtu, na hakuna anayeuliza nani wa zamu leo.

Mama wa vitumbua alirudi. Ameweka matembele, anachuma ncha tu, mashina yanachipua tena. Kijana mmoja wa bodaboda anamuuzia mama ntilie chainizi. Mwenzake bado yuko chini ya mwembe.

Tuta moja, lile la karibu na geti, tulikubaliana libaki la wote, mboga zake ziende kwa wagonjwa na wazee wasiojiweza. Wazo lilikuwa langu. Nimepita hapo leo asubuhi: lina magugu.