Amenawiri, au usiku halali?

Baba akisinzia sebuleni baada ya ugali, TV inaongea peke yake, watoto wanamrekodi anavyokoroma wanatupia kwenye grupu la familia na watu wanacheka weee. Mimi video hizo siku hizi nasikilizia kitu kimoja tu, kile kimya cha katikati. Mtu anakoroma, ghafla kimya, sekunde 10, 20, kifua kinahangaika na hewa haipiti, halafu anashtuka na mkoromo kama trekta limewashwa. Jamani huyo anakabwa, na hakuna jinamizi hapo, ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, kitaalamu sleep apnea.

Ukilala misuli ya ulimi na koo inalegea, kwa wengine njia ya hewa inaziba kabisa, oksijeni inashuka, ubongo unakukurupusha uvute pumzi, unalala tena na asubuhi hukumbuki chochote. Kwa mtu mzima madaktari wanaanza kuita tatizo pumzi ikikatika au kubanwa mara 5 kwa saa, ikifika 30 hiyo ni kali, sasa zidisha kwa usiku mzima. Kila ukikurupushwa presha inaruka, ndo maana unakuta mtu anameza dawa tatu za presha na haishuki, na hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje. Halafu kuna kukojoa usiku, wanaume wanawaza tezi dume au sukari (na kweli inaweza kuwa hivyo, pimeni), ila kumbe kifua kikihangaika kutafuta hewa moyo nao unavutwa, unatoa homoni inayoziambia figo zitoe maji. Ongeza kichwa kuuma asubuhi, nguvu za kiume kushuka, kusinzia kwenye usukani. Nikipanda basi la usiku huwa nawaza shingo ya dereva.

Ndio, shingo. Mwanaume mwenye shingo ya kuzidi sentimita 43 hivi hatari yake iko juu, na sisi huyo ndo tunamsifia, amenawiri, maisha yamemkubali! Mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa, usingizi mbovu unaongeza njaa, mchana kachoka hata kutembea hawezi, ananenepa zaidi, anakabwa zaidi.

Na uso unasema. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walitoa matokeo ya picha za wagonjwa 20, kabla na baada ya kutumia CPAP kwa miezi kadhaa, ile mashine ya kusukuma hewa kupitia maski. Watu wasiojua picha ipi ni ya lini mara nyingi waliona zile za baada ya tiba ndo zenye uchangamfu, ujana na mvuto zaidi, na vipimo vikaonyesha uvimbe wa paji la uso na wekundu vimepungua. Weusi chini ya macho haukubadilika lakini, kwa hiyo wauza krimu msiogope, biashara bado ipo.

Kinachonikera ni kwamba shahidi wa ugonjwa huu yuko kitandani pale pale na hasikilizwi. Mke akisema baba fulani unakata pumzi usiku anaambiwa ana maneno mengi. Na wanawake wanaokoroma ndo kabisa, aibu, hata kwa dokta hasemi, anasema tu nachoka. Rekodi hiyo video, badala ya grupu mpelekee dokta, hata bila kipimo cha usingizi ana pa kuanzia. Mashine ni ghali, sikatai, ila kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe za usiku vinasaidia wengi, japo ikiwa kali havitoshi.

Wembamba nao wasijisahau, taya dogo linatosha kukuletea haya. Na watoto, yule anayelala mdomo wazi, anakoroma, anakojoa kitandani, shuleni mtundu hatulii, kabla ya kumchapa mpeleke akaangaliwe tonsesi na nyama za pua, maana mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii kama mkubwa, anaruka ruka tu, na wengi wao zikitolewa wanapata nafuu kubwa.