Tayarisha boti kabla ya kufika kwenye mteremko

Mteremko mdogo wa kushushia boti kwenye ziwa tulivu hubeba trela moja tu kwa wakati. Ni zege lenye upana wa gari, gati fupi pembeni na maegesho ya magari machache, basi. Mara nyingi hakuna msimamizi wala wa kupanga foleni, hivyo utaratibu wote uko mikononi mwetu tunaoutumia. Na tunauvuruga kwa kuugeuza mteremko kuwa mahali pa maandalizi.

Mtu anarudi kinyumenyume hadi majini, ndipo anaanza kufungua mikanda ya nyuma, kusaka kizibo cha tundu la kutolea maji botini, kupakia mishipi, chambo na majaketi ya uokoaji. Nyuma yake wenzake wanasubiri huku alfajiri, saa nzuri ya kuvua, ikiyoyoma. Kazi hizo zote ni za kule maegeshoni. Kaza kizibo, funga kamba kwenye omo, yaani mbele ya boti, pakia kila kitu, ila mkanda wa winchi, kile kifaa cha mkono cha kuvutia boti kwenye trela, uuache hadi boti ifike majini. Ukiufungua mapema boti huweza kuteleza na kuangukia zege. Muda huo unazisaidia hata beringi za magurudumu zipoe, kwa sababu beringi yenye moto ikizamishwa kwenye maji baridi hunyonya maji ndani. Boti ikishaelea, ivute kwa kamba hadi gatini, uondoe gari.

Simsemi anayechelewa kwa sababu hajazoea kurudisha trela nyuma. Kazi hiyo ni ngumu, maana usukani unaupeleka huku na trela inakwenda kule. Huyo anahitaji mtu wa kumshikia kamba na kumwelekeza, si honi.

Linaloniuma zaidi ni watu kupandisha boti kwenye trela kwa nguvu ya injini. Rafadha, yaani pangaboi la injini, inasukuma maji kwa kasi pale zege linapoishia, inafukua mchanga na changarawe, na kubakiza shimo. Kifusi chake kinatuama nyuma kidogo, kikisubiri kupiga rafadha ya mwingine. Maji ya ziwa yakipungua, trela inabidi ishuke chini zaidi. Magurudumu yanapita ukingo wa zege, yanatumbukia shimoni, na ekseli inanasa. Zege lenyewe, likishaliwa chini, hupasuka. Sehemu ndogo kama hii hukarabatiwa kwa nadra, na ikifungwa, wenye boti ndogo ndio wanaokosa pa kwenda. Winchi ipo kwa kazi hiyo hiyo. Zima injini, uzungushe mkono wake.

Halafu kuna suala la kusafisha, nalo silionei mzaha. Kome mistari, aina ya kombe wadogo wa majini wenye asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi, waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, wakiaminika kuletwa na maji yanayobebwa ndani ya meli ili kuisawazisha. Kutoka hapo boti za kawaida zimesaidia kuwasambaza hadi maziwa mengine. Mabuu yao ni madogo mno kuonekana kwa macho, kwa hiyo boti inayong'aa si ushahidi wa usalama. Ukishatoka majini, sogea pembeni, ng'oa majani yaliyonasa kwenye rafadha na trela, fungua kizibo, mwaga maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti) na ya tangi la samaki palepale, kisha acha kila kitu kikauke kabisa. Kama huna siku za kusubiri kikauke, usiipeleke boti hiyo ziwa jingine.